Je, wajua kwa nini ndege huchukua muda mrefu kutoka London kwenda New York kuliko kutoka New York kwenda London?

Kutoka uwanja wa JFK, New York, hadi Heathrow, London, ni takriban kilomita 5,540. Umbali haubadiliki, ila ratiba za ndege hutoa kama saa 7 kwa kwenda London na kama saa 8 kwa kurudi.

Wengi huisingizia dunia kwa kuwa inajizungusha. Lakini dunia huzunguka kuelekea mashariki; kama hilo lingekuwa na nguvu, New York ndiyo ingeifuata ndege inayotoka London, na safari ya magharibi ingekuwa fupi. Hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo.

Sababu ni upepo. Kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, palepale ndege zinapopita, kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Huzaliwa pale hewa baridi ya ncha ya kaskazini inapopakana na hewa ya joto ya kusini, na kwa kuwa tofauti hiyo ya joto huzidi majira ya baridi, ndipo nao huwa mkali zaidi.

Tupige hesabu. Ndege inakata hewa kwa kilomita 900 kwa saa, na upepo ni kilomita 150 kwa saa. Ukiwa mgongoni, ndege hupita juu ya ardhi kwa 1,050: saa 5 na dakika 17. Ukiwa wa omo, kama wasemavyo mabaharia, inabaki 750: saa 7 na dakika 23. Jumla ni saa 12 na dakika 40, ilhali bila upepo ingekuwa saa 12 na dakika 19. Kwa hiyo upepo haurudishi ulichochukua, maana ndege hukaa nao muda mrefu zaidi unapoipinga.

Ndiyo maana njia za kuvuka Atlantiki hupangwa upya kila siku kwa utabiri wa hali ya hewa: za mashariki huufuata mkondo, za magharibi huukwepa, hata kama kilomita zitaongezeka. Februari 2020, wakati wa dhoruba, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56.

Muda wa kwenye tiketi, hata hivyo, huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kwenye maegesho mengine, pamoja na foleni ya kuruka. Nazo saa zilizoandikwa ni za kila mji. Ukiondoka New York saa moja jioni na kufika London saa moja asubuhi, hukuruka saa 12: toa 5 za tofauti ya majira, zinabaki 7. Angalia mwezi Machi na mwishoni mwa Oktoba, kwani nchi hizo mbili hazibadilishi saa siku moja, na kwa wiki chache tofauti huwa saa 4.