Li ni jina la ukoo, lakini si la ukoo mmoja

Tangu Li Qiang achukue uwaziri mkuu wa China kutoka kwa Li Keqiang, Machi 2023, swali ni lile lile kila anapotajwa kwenye taarifa ya habari: hawa ni mtu na mdogo wake? Wenye kumbukumbu ndefu humwongeza Li Peng, aliyeshika cheo hicho hicho hadi 1998, na hapo watu huona familia moja imekalia kiti. Hawana udugu wowote. Kila mmoja ana mkoa wake: Li Keqiang alikuwa mtu wa Anhui, Li Qiang ni wa Zhejiang, na wazazi wa Li Peng asili yao ni Sichuan. Wanachoshiriki ni jina, na jina hilo lina watu wapatao milioni 100.

Maana yake haina mzunguko. Li, 李, ni mti wa plamu, au plamu yenyewe. Herufi hiyo ina sehemu mbili: juu "mti", chini "mtoto". Mchina wa jina hili akiulizwa kwa simu anaitwa nani, mara nyingi hatasema Li tu. Atasema "mu zi Li", Li ya mti na mtoto, kwa sababu yapo majina mengine ya ukoo yanayoandikwa Li kwa herufi zetu na hayahusiani na hili hata kidogo. Mwimbaji Leon Lai wa Hong Kong, kwa mfano, kwa Kichina cha Beijing ni Li Ming, lakini Li yake ni 黎, herufi nyingine na toni nyingine ya kutamka.

Kwa wingi, takwimu za Wizara ya Usalama wa Umma ya China za miaka ya karibuni zinaweka Wang mbele, Li la pili, kisha Zhang, Liu na Chen. Majina hayo matano peke yake yanabebwa na Wachina 3 kati ya kila 10. Wang na Li hupishana kwa kiasi kidogo sana, na zipo hesabu za zamani zilizoliweka Li juu, kwa hiyo hakuna haja ya watu kugombana. Ila asije mtu akachukua ile orodha maarufu ya majina ya koo iliyotungwa enzi za nasaba ya Song, inayoanza na Zhao, Qian, Sun, Li, akasema Li ni la nne kwa wingi. Orodha ile haikuhesabu watu. Zhao limetangulia kwa sababu ndilo lililokuwa jina la mfalme.

Jina limetoka wapi? Simulizi inayopendwa inamtaja Gao Yao, hakimu wa enzi za kale kabisa. Kizazi chake kilirithi kazi hiyo ya uhakimu, nacho kikaitwa Li kwa cheo chake, kwa herufi nyingine, 理. Baadaye mmoja wao, Li Zheng, alimuudhi mfalme wa mwisho wa nasaba ya kale ya Shang akauawa. Mwanawe, Li Lizhen, akakimbia na mama yake, njaa ikawashika njiani, wakaokolewa na matunda ya mti. Kwa shukrani akabadili herufi ya jina ikawa ile ya plamu. Ni simulizi nzuri, na Wachina wengi huisimulia kwa fahari. Lakini tunaisoma kwenye jedwali la ukoo wa kifalme wa nasaba ya Tang, ndani ya historia iliyokamilishwa mwaka 1060, miaka elfu mbili na zaidi baada ya huyo kijana na mama yake. Wafalme wa Tang, ambao nao walikuwa akina Li, walihitaji babu wa maana. Walimdai hata Laozi, mwanafalsafa wa kale, kuwa babu yao, maana mapokeo yanasema jina lake lilikuwa Li Er.

Na ni hao wa Tang waliolisambaza jina hili kuliko njaa au plamu yoyote. Li Yuan alianzisha utawala huo mwaka 618, nao ukadumu hadi 907. Katika muda huo wote, jina la mfalme lilikuwa zawadi. Jemadari akishinda vita, au chifu wa kigeni akileta jeshi lake upande wa mfalme, angeweza kupewa jina Li, yeye na kizazi chake. Xu Shiji alikuwa jemadari wa namna hiyo. Alipewa Li, akawa Li Shiji; kisha ikabidi lile "Shi" liondolewe kwa kuwa limo katika jina la mfalme Li Shimin, na historia ikamkumbuka kama Li Ji. Mtu yule yule, na katika majina matatu aliyoitwa, babu yake halisi yumo katika la kwanza tu.

Zhuye Chixin naye hakuwa hata Mchina. Alikuwa chifu wa Shatuo, watu wa asili ya Kituruki. Mwaka 869, baada ya kusaidia kuzima uasi, alipewa jina Li Guochang. Mjukuu wake, Li Cunxu, alianzisha utawala wake mwenyewe mwaka 923 na kuuita Tang, kama mrithi halali wa nyumba ile. Wakuu wa Watangut wa kaskazini-magharibi nao walipewa Li kwa namna hiyo hiyo. Sasa chukua Wachina wawili wanaoitwa Li leo: mmoja huenda ametokana na mkulima wa Henan, mwingine na mpanda farasi wa nyikani. Jina halitakwambia.

Vietnam mambo yalikwenda kinyume. Nasaba ya Ly, herufi ile ile 李, ilitawala huko kuanzia 1009 hadi 1225. Ilipoangushwa na nasaba ya Tran, watu wa jina hilo waliamriwa kuitwa Nguyen. Kwa hiyo yuko mtu mwenye jina bila damu, na yuko mwenye damu aliyenyang'anywa jina.

Naelewa kwa nini kwetu inachanganya. Kwa Kiswahili tunasema "jina la ukoo", na ukoo kwetu ni watu wenye babu mmoja wanayeweza kumtaja. Wachina wenyewe waliwahi kulichukulia jina kwa uzito huo: sheria ya Tang iliwapa kazi ngumu ya miaka miwili watu wa jina moja waliooana. Lakini hata wakati ule, ili kujua huyu ni Li gani, waliuliza kwao ni wapi. Akina Li wa Longxi, katika Gansu ya leo, na akina Li wa Zhao, katika Hebei, walijihesabu koo mbali mbali. Wakorea, ambao wanaliandika Lee, Yi au Rhee, wameshika utaratibu huo hadi leo: ukoo ni jina pamoja na mahali, na akina Yi wa Jeonju ndio waliotoa wafalme wa Joseon, yaani Korea ya zamani, kuanzia 1392.

Bruce Lee na Jet Li, basi, wana jina moja kwa herufi ile ile, 李. Tofauti ni tahajia tu: Lee ni ya Hong Kong, Li ni ya Beijing. Wao pia si ndugu. Na si kila Lee ni Mchina. Waingereza wana Lee yao, yenye asili ya Kiingereza cha kale.

Ombi langu kwa wanaosoma na kuandika habari ni dogo. Jina la ukoo la Mchina hutangulia, kwa hiyo ni Waziri Mkuu Li, wala si Waziri Mkuu Qiang. Wakiingia Li wawili katika habari moja, wote watajwe kwa majina kamili. Mke naye aachiwe jina la kwao, kwa sababu mwanamke wa Kichina akiolewa habadili jina: Li Keqiang alipokuja Nairobi Mei 2014 alifuatana na mkewe, Cheng Hong, na kumwita Bi Li lingekuwa kosa. Udugu wa kina Li utajwe pale tu unapojulikana.