Bati nene haliokoi paa lililochorwa vibaya

Anayejenga Wakiso au Mukono, hapa Uganda, huniuliza kwanza: bati geji 28 au 30? Geji ni kipimo cha unene; namba ikiwa ndogo, bati ni nene zaidi. Swali si baya. Geji 28 ina unene wa karibu milimita 0.4 na haibonyei ovyo fundi akiikanyaga. Ila mapaa mengi ninayoitwa kuyatazama hayakuharibiwa na bati. Yaliharibika tangu kwenye mchoro.

Siku hizi kila nyumba inataka vipembe vya paa vitano, sita mbele. Ni fasheni, nami siipendi. Miteremko miwili inapokutana panabaki bonde. Maji ya pande zote mbili hushukia hapo, majani ya mwembe nayo yanajaa, na mvua ya Aprili ya huku kando ya Ziwa Victoria ikimwagika, maji hupanda kingo na kuingia darini. Ukitaka urembo, uweke kwenye veranda. Paa liache na pande mbili, au nne.

Mteremko nao watu wanaubana wakiogopa gharama. Haya, tupige hesabu. Nyumba ya upana wa mita 8 ina mita 4 kutoka ukutani hadi katikati. Kwa nyuzi 15, bati linahitaji urefu wa mita 4.14; kwa nyuzi 22, mita 4.31, upenu haujahesabiwa. Sentimita 17 tu kila upande! Mbao za kenchi, yaani fremu zinazobeba paa, zitaongezeka kidogo, lakini maji yatakimbia, hayatapata nafasi ya kujipenyeza pale mabati yanapopandana. Vigae vya udongo vya Kajjansi, mimi chini ya nyuzi 30 siezeki.

Upepo sasa. Wengi hudhani unalisukuma paa, kumbe unalinyonya kwenda juu, hasa kwenye kingo na upenu. Bati la geji 30 lina uzito wa kama kilo 3 kwa mita ya mraba. Upepo wa kilomita 100 kwa saa unaweza kuling'oa kwa nguvu ya zaidi ya kilo 40 kwa eneo hilohilo. Misumari miwili mitatu kwenye mbao ya ukutani haiwezi kushindana na hiyo. Ule ukanda wa chuma tunaoulaza kati ya kozi za matofali, mimi nauanzia chini ya boriti ya zege, naupandisha, nauzungusha juu ya kenchi, naurudisha upande wa pili na kuupigilia huku na huku. Kila kenchi, bila kuruka. Fundi akikuambia, "Mzee, hiyo ni kupoteza chuma," muulize bei ya kuezeka upya.

Mbao mbichi za mkaratusi za kenchi usinunue, hata ukipunguziwa. Zikikauka zinajikunja, na misumari inalegea.

Misumari ya bati ipigwe kwenye mgongo wa bati, si kwenye mfereji wake, na mpira ulio chini ya kichwa cha msumari ubanwe bila kupondeka. Salio la fundi lisubiri mpaka mvua moja kubwa inyeshe, nawe upande na tochi kukagua kabla silingi, yaani dari, haijapigwa.