Kadi mia moja na vidole vya wino: dhana potofu kuhusu matangazo ya kuchapa kwa mkono

Mwenye biashara ndogo akitaja tu kwamba anataka kujichapia mwenyewe kadi zake za matangazo, kwa muhuri aliouchonga na kuupaka wino, hupata washauri wa aina mbili. Wa kwanza humcheka: hiyo kazi ya watoto, viazi na rangi. Wa pili humsifia kupita kiasi: cha mkono kina roho, wateja watakipenda tu. Wote wawili, kwa kawaida, hawajawahi kushika rola ya wino. Mimi nimeishika miaka kadhaa na nimeharibu karatasi nyingi, kwa hiyo naanza na dhana inayowatia watu hasara kuliko zote.

“Ukichapa mwenyewe utaokoa pesa”

Mara nyingi si kweli. Uchapaji wa ofseti, ule wa mashine kubwa za kiwandani, hula gharama mwanzoni: kutengeneza bamba la kuchapia, kuandaa mashine, kupoteza karatasi za kwanza mpaka rangi ikae sawa. Baada ya hapo kila nakala inayoongezeka hupunguza bei ya nyingine, ndiyo maana nakala 5,000 hazigharimu mara kumi ya nakala 500. Kazi ya mkono haina nafuu hiyo. Nakala ya kwanza na ya mwisho zinadai jasho lilelile. Tuseme kadi moja inachukua dakika 3: kupaka wino, kulaza karatasi, kusugua, kubandua, kuanika. Kadi 100 ni saa 5. Kadi 2,000 ni saa 100, na bega lako hujalihesabu. Isitoshe, mashine za kidijitali hazihitaji bamba, kwa hiyo hata mwenye haja ya nakala 20 anaweza kuzipata bila kuchafua vidole.

Basi mtu ajisumbue kwa nini? Kwa sababu ya uchache wenyewe. Mwenye vipeperushi elfu tano humpa yeyote anayepita, na vingi utavikuta chini hatua chache mbele. Mwenye kadi mia alizozitolea jasho hana moyo wa kufanya hivyo. Atakaa na kalamu aandike majina: mteja aliyeleta wateja wengine watatu, yule aliyepotea tangu mwaka jana, jirani mwenye duka ambaye wateja wake wangeweza kuwa wa mwenye kadi pia. Orodha hiyo ndiyo tangazo, karatasi ni chombo tu cha kulifikisha. Kwa hiyo mtu akiniuliza achonge nini, namuuliza kwanza atampa nani. Asipokuwa na majina 30, namwambia aende kiwandani akachapishe vya kawaida.

“Lazima uwe msanii”

Huhitaji kujua kuchora uso wa mtu. Unahitaji umbo moja linalotambulika na herufi nene. Mkasi, kijiko, jani, sindano na uzi: chochote kinachosema kazi yako bila maelezo kinatosha.

Kinachowashinda wengi ni kugeuza. Muhuri huchapa kinyume, kama kioo, kwa hiyo herufi lazima zichongwe zikiwa zimegeuka. Mimi muhuri wangu wa kwanza niliuchonga kwa uangalifu jioni nzima, nikachapa, jina la biashara likasomeka kutoka kulia kwenda kushoto. Dawa yake ni ya bure: andika jina kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, ilaze kifudifudi juu ya kipande unachochonga, kisha sugua mgongo wa karatasi kwa ukucha au kijiko. Penseli inahamia pale ikiwa imegeuka tayari, nawe unafuata mistari tu.

Kipande chenyewe kwa wengi wetu ni linoleamu. Nyenzo hii haikutengenezwa kwa sanaa. Mwingereza Frederick Walton aliibuni miaka ya 1860 iwe zulia la sakafuni, kwa kuchanganya mafuta ya kitani yaliyogandishwa na unga wa gome la mti wa koki juu ya kitambaa kigumu. Wasanii wa Ujerumani waliichukua mwanzoni mwa karne ya 20, na ukiichonga utaelewa sababu: haina nyuzi kama mbao, kisu kinakwenda upande wowote unaotaka. Ikiwa ngumu kwa sababu ya baridi, iweke juani kidogo. Na mkono unaoishikilia ukae nyuma ya kisu daima, usiwe mbele yake. Nimeliona kosa hilo likiishia kwenye nyuzi za daktari.

Maandishi madogo, yaani simu na anwani, usiyachonge kabisa. Mpe fundi wa mihuri ya mpira akutengenezee, kisha uyagonge chini ya picha uliyochonga. Hakuna sheria inayosema kila herufi lazima itoke kwenye kisu chako.

“Pakiwa na mashine, si kazi ya mkono tena”

Hoja ya watu wanaopenda usafi wa imani. Hatch Show Print, kiwanda cha mabango kilichoanza mwaka 1879 huko Nashville, Marekani, bado kinapanga herufi za mbao kwa mkono na kuzichapa kwa mashine, na hakuna anayesema mabango yake si ya mkono. Vivyo hivyo Risograph, mashine ya kampuni ya Riso Kagaku ya Japani. Kwa sura ni kama mashine ya fotokopi, lakini ndani inatoboa stensili, yaani karatasi nyembamba yenye matundu ya umbo la picha, kwa joto, inaizungushia pipa la wino, kisha wino unasukumwa kupitia matundu hadi kwenye karatasi. Inachapa rangi moja kwa kila pipa. Ukitaka nyekundu juu ya bluu kwenye mashine ya pipa moja, unabadilisha pipa na kurudisha karatasi, na rangi ya pili huenda ikasogea kidogo. Mashine za aina hii ziliuzwa sana kwa shule, ofisi na makanisa, kwa ajili ya mitihani na ratiba. Kama kuna moja inayozeeka kwenye stoo ya jirani yako, umepata mali.

“Karatasi nzito ndiyo bora”

Nzito kwa kazi gani? Uzito wa karatasi hupimwa kwa gramu kwa kila mita moja ya mraba. Karatasi ya A0 ina ukubwa wa mita moja ya mraba, na A4 ni sehemu ya 16 yake. Ndiyo kusema A4 ya gramu 80, ile ya ofisini, ina uzito wa gramu 5 kamili. Kadi ya biashara yenye kusimama huanzia gramu 250 au 300.

Sasa kama huna mashine ya kukandamiza na unasugua mgongo wa karatasi kwa kijiko, kadi nzito itakushinda, maana nguvu ya mkono haifiki kwenye wino. Hapo karatasi nyembamba ndiyo bingwa. Ukiitaka kadi nzito, geuza utaratibu: kadi iwe chini, muhuri ushuke juu yake. Karatasi inayong'aa nayo iache. Imepakwa utando, hainywi wino, na muhuri wa kawaida utabaki unyevu juu yake mpaka mtu aufute kwa kidole gumba.

Ukikunja, angalia mwelekeo wa nyuzi. Karatasi ya kiwandani ina nyuzi nyingi zilizolala upande mmoja, na kadi nzito ikikunjwa kukatiza nyuzi hupasuka mgongoni, wino ukameguka. Ipinde polepole bila kuivunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Upande unaokubali kwa urahisi ndio wa kukunjia.

“Kasoro ndizo zinazoleta mvuto”

Nusu yake ni kweli. Wino uliokolea kona moja na kufifia nyingine unaonyesha kwamba mtu aligusa kitu hiki. Namba ya simu iliyokosewa tarakimu moja haionyeshi chochote isipokuwa uzembe. Kabla ya kuchapa nakala ya pili, mpe mtu mwingine ile ya kwanza aipige namba kama alivyoisoma. Usisome mwenyewe, macho yako yanajua kilichopaswa kuwepo.

Kuna na uchafu. Wino wa mafuta haukauki kama nguo juani. Unakauka kwa mafuta yake kuungana na oksijeni ya hewani mpaka yagande, na hilo huchukua siku, wakati mwingine wiki kama umepaka mnene. Wino wa maji hukauka haraka zaidi, ila hukauka hata juu ya linoleamu ukizubaa. Kadi zangu 100 za mwanzo nilizichapa kwa wino wa mafuta Jumamosi, nikazipanga rundo moja Jumapili asubuhi kwa kuwa zilionekana zimekauka. Jumatatu nilikuwa na tofali.

“Tangazo ni kipeperushi”

Hapa ndipo ubunifu unapokwama. Watu huhangaika na rangi, wakisahau kujiuliza karatasi itakaa wapi baada ya kupokewa. Kipeperushi kizuri kupita vyote, kama hakina kazi, maisha yake ni mafupi. Fundi cherehani akichapa kadi ya vipimo, yenye umbo la mwili na nafasi za kujaza kifua, kiuno na urefu, mteja ataitunza kwa sababu ni vipimo vyake. Fundi baiskeli anaweza kufunga kwenye usukani lebo ya karatasi ngumu yenye muhuri wake na tarehe ya matengenezo. Muuza vitabu ana alamisho. Muuza miche ana kijiti chenye jina la mmea upande mmoja na jina la kitalu upande wa pili. Mfuko wa karatasi uliogongwa muhuri ni bango linalotembea, na muhuri mmoja unagonga mifuko mingi sana kabla ya kuchakaa. Hakuna kati ya hivi kinachoomba kusomwa. Vinatumika, jina linaonekana lenyewe.

Ndiyo maana sijazi maneno. Jina, kazi, namba. Punguzo la bei ukilitaja, weka na siku litakapokwisha.

“Haipimiki”

Faida ya tangazo la mkono inapimika, tena kwa urahisi kuliko matangazo mengi, kwa sababu nakala ni chache na unajua zilikokwenda. Ziandike namba kwa mkono: 1/100, 2/100, na kuendelea. Au chonga alama ndogo tofauti, nyota kwa zilizoachwa saluni, duara kwa zilizotiwa kwenye mizigo. Mteja akirudi na kadi, angalia alama, weka mstari daftarini. Lakini ukiandika 1/100, ishia 100. Mteja mwenye namba 12 akikutana na mwenye 140, utaonekana mwongo.

Wengine huweka msimbo wa QR, ule mraba wa vijiraba vyeusi na vyeupe unaosomwa kwa kamera ya simu. Ni sawa, uvumbuzi huo wa kampuni ya Denso Wave ya mwaka 1994 ulianzia viwandani, kufuatilia vipuri vya magari, na ulijengwa kuvumilia uchafu: kiwango chake cha juu cha kusahihisha makosa kinaweza kuurejesha hata karibu asilimia 30 ya alama zake zikiwa zimeharibika. Kwa hiyo wino usio sawa hauuui. Kinachouua ni kukosa ukingo mweupe, ambao lazima uwe na upana wa vijiraba vinne kila upande, au kuchapa rangi hafifu juu ya karatasi ya rangi. Anwani ndefu huzaa vijiraba vingi na vidogo, kwa hiyo tumia anwani fupi. Na usiuchonge kwa mkono, hata kama una subira ya ngamia. Mpe fundi wa mihuri au uchapishe kama stika, kisha jaribu kuusoma kwa simu mbili tofauti, moja iwe ya zamani yenye kamera mbovu.

Lile tofali langu? Nililibandua kadi moja moja kwa kisu cha siagi. Zilitoka 41 zenye sura ya kueleweka, na migongoni kila moja ilikuwa na kivuli cha picha ya mwenzake, kimefifia, kimegeuka. Niligonga namba ya simu juu ya kile kivuli nikazigawa hivyo hivyo. Wateja wawili wameshaniuliza nilitumia ufundi gani.