Kujihami hapa Mbeya: kipi kimebadilika, kipi kiko vile vile

Wazazi wanaoniletea vijana wao hapa mtaa wa Soweto, Mbeya, wana swali wanalolipenda. "Shikamoo mwalimu. Hivi hizi karate zenu za zamani zitamsaidia mwanangu kwa vibaka wa siku hizi?" Ukisikiliza vizuri, anayeuliza ameshaamini kwamba kibaka wa siku hizi ni kiumbe kipya, mwenye mbinu ambazo babu zetu hawakuwahi kuziona.

Mimi nafundisha kujihami kwa raia wa kawaida: mwenye duka, mwanafunzi wa chuo, muuguzi anayetoka zamu ya usiku. Kwa upande wa mwili, jibu langu ni kwamba hakuna jipya. Binadamu ana mikono miwili, na anayekuvamia huitumia kwa namna chache mno. Anakukaba koo. Anakukwida shati. Anakushika mkono akuvute. Anakamata nywele au mtandio. Anakusukuma uanguke, anarusha ngumi ya kuzungusha upande wa kichwa, au anakutokea nyuma na kitu kizito. Orodha hiyo ukimpa mzee wa miaka 80 kutoka Tukuyu au Kalenga, ataitambua yote.

Walimu wa Okinawa, kisiwa cha Japani ilikozaliwa karate, nao waliijua. Anko Itosu, mzee aliyeingiza karate katika shule za kisiwa kile mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika mwaka 1908 kwamba sanaa hii haikukusudiwa kwa pambano la watu wawili waliokubaliana kupigana. Ni njia ya kuepuka kuumizwa pale unapokutana na mhuni. Ndiyo maana miondoko mingi ya kata za kale (mifululizo ya miondoko ya karate ambayo mtu huifanya peke yake) haieleweki ukiifikiria dhidi ya mpinzani aliyesimama mbali akingoja mwamuzi aseme anza, lakini inaeleweka mara moja mtu akikushika kola. Umbali wa mita mbili, pointi na glavu vilikuja baadaye, pamoja na mashindano. Sina ugomvi na mashindano, vijana wangu wanashiriki. Ila mchezo ni mchezo.

Kwa hiyo kijana anayedharau kata na kukesha akitazama video za kumpokonya mtu bastola ananichekesha kidogo. Bastola mkononi mwa kibaka wa mtaani huku kwetu ni nadra. Anayekungoja uchochoroni Mwanjelwa ana panga, rungu, kisu cha jikoni, chupa iliyovunjwa, au hana kitu kabisa isipokuwa mwenzake aliyejibanza nyuma ya kibanda. Huyo mwenzake ndiye ninayemhofia kuliko kisu.

Waliokuwa Mbeya miaka ya 2000 wanawakumbuka wapiga nondo. Mtu anarudi zake usiku, anapigwa nondo ya kisogo kutoka nyuma, anazinduka hospitalini hana simu wala pochi. Wengine hawakuzinduka. Enzi zile watu walikuwa wakiuliza kama kuna mbinu ya kuzuia nondo, na mpaka leo naulizwa. Haipo. Hakuna mkanda mweusi unaozuia pigo usiloliona likija. Kilichopo ni vitu visivyopendeza kwenye video: kutembea wawili au watatu, kuacha kando ya uzio na kushika katikati ya barabara kunapokuwa na giza, kutoa spika masikioni, kugeuka na kumtazama mtu anayekufuata ajue umemwona. Mwizi wa kuvizia anahitaji umwendee hujui. Ukishamwona, mara nyingi kazi yake imeharibika.

Roba, yaani kukabwa shingo kwa mkono kutoka nyuma, ni tofauti kidogo, kwa sababu pale kuna la kufanya, ila muda ni mfupi. Mkono ukikaa vizuri shingoni na kubana mishipa ya damu pande zote mbili, mtu anaweza kupoteza fahamu ndani ya sekunde 10 hivi. Nafasi ya kufikiri haipo. Ninachowafundisha wanafunzi wangu ni kitu kimoja kinachorudiwa mpaka kiwachoshe: kidevu kinashuka upande wa kiwiko cha mkabaji, mikono yote miwili inauvuta mkono wake chini kifuani, mguu unapiga hatua ya pembeni na mwili unageuka kumwelekea. Ukipata pumzi, kimbia. Wale wanaotaka kumalizia na teke la kuzunguka nawaambia wakalipige kwenye gunia.

Halafu kuna baridi. Hili walimu wanaokuja kutoka Dar huwa hawalifikirii. Juni na Julai, ukitembea Uyole au Igawilo alfajiri, ukungu umetanda, una koti zito, kofia imefunika masikio na mikono iko mfukoni. Masikio hayasikii nyayo, macho hayaoni mbali, na mkono unachelewa kutoka. Ndiyo maana miezi hiyo tunafanya mazoezi na makoti yetu, pamoja na viatu vya matope. Akina mama wanaobeba watoto nafanya nao wakiwa na mbeleko mgongoni na mzigo mdogo badala ya mtoto, kwa sababu mwenye mtoto mgongoni hawezi kuanguka chali wala kurusha teke. Mbinu zake zote lazima zimwache amesimama.

Sasa turudi nyuma zaidi, maana swali ni la zamani na sasa. Karne ya 19 nyanda hizi za juu hazikuwa na amani. Wasangu, Wahehe na Wangoni walipigana kwa miaka mingi, na watu walijikusanya ndani ya maboma. Boma la Kalenga ndilo linalojulikana zaidi, kwa ajili ya Mkwawa na vita vyake na Wajerumani, kuanzia ushindi wa Lugalo mwaka 1891. Hiyo ni habari ya majeshi. Lakini hata mtu wa kawaida asiyekwenda vitani hakuwa akijihami peke yake. Alikwenda shambani na wenzake, mkuki au fimbo mkononi. Kule Unyakyusa vijana wa rika moja walijenga kijiji chao pamoja, hivyo majirani wa mtu walikuwa wale wale aliochunga nao ng'ombe. Na kila mahali palikuwa na yowe. Ukipiga yowe, mwenye masikio alilazimika kutoka. Aliyebaki ndani alikuwa na maelezo ya kutoa kesho yake.

Hapa ndipo naona mabadiliko makubwa kuliko yote, na hayana uhusiano na ngumi. Silaha kuu ya mtu wa huku ilikuwa jirani. Leo una uzio, geti la chuma, na nyumba ya kupanga yenye vyumba vinane ambako kila mtu amefungulia redio yake. Yowe linasikika na watu wanazima taa. Serikali na wananchi wamejaribu kurudisha kitu kile kwa majina mbalimbali. Sungusungu walioanzia Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 walitambuliwa kisheria mwaka 1989, na siku hizi tuna ulinzi shirikishi, vijana wenye filimbi na tochi wanaozunguka mtaa kwa michango ya kaya. Wengine wanalalamikia mchango huo. Mimi nalipa, na nawafahamu vijana wenyewe kwa majina, maana mlinzi anayekufahamu anakuja haraka zaidi.

Na unapopiga kelele, angalia unapiga kelele gani. Neno "mwizi!" katika mtaa wenye watu linaweza kumuua mtu ndani ya dakika chache, hata asiye mwizi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiorodhesha vifo vya "wananchi wenye hasira kali" katika ripoti zake za kila mwaka. Nawafundisha wanafunzi kuita "nisaidieni!" na kutaja mahali: "nisaidieni, hapa kwa fundi baiskeli!" Watu wanakuja kwako badala ya kumkimbilia wa kwanza wanayemwona akikimbia. Anayekimbia anaweza kuwa wewe.

Nimekwepa jambo zito, sasa niliseme. Watu wakisikia kujihami wanamfikiria mgeni gizani. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilichapisha utafiti kuhusu ukatili wa wenza katika nchi kadhaa, na kwa Tanzania walichagua maeneo mawili: Dar es Salaam na mkoa wetu wa Mbeya. Kati ya wanawake waliowahi kuwa na mwenza, takriban asilimia 41 kwa Dar na asilimia 56 kwa Mbeya walikuwa wamewahi kupigwa au kulazimishwa kingono na mwenza wao. Zaidi ya nusu! Hakuna kibaka wa Mwanjelwa anayefikia hesabu hiyo. Hitaji hili halikuanza juzi na halijaondoka, lakini darasa za kujihami, zangu zikiwemo kwa sehemu kubwa, zimejengwa kwa ajili ya mtu usiyemjua.

Kumkabili mtu unayelala naye nyumba moja ni elimu nyingine. Kugeuza mkono wake leo kunaweza kukuletea kipigo kibaya zaidi kesho. Kwa hiyo mama anayekuja kwangu na alama shingoni simwanzishii ngumi. Tunazungumza juu ya kusogea karibu na mlango ugomvi unapoanza na kukaa mbali na jikoni kwenye visu. Kitambulisho, kadi za kliniki za watoto na fedha kidogo vilivyowekwa kwa dada au shoga anayeaminika. Jirani mmoja anayejua afanye nini akisikia jina la mtoto likiitwa kwa namna fulani. Na alama shingoni siichukulii kirahisi, kwa sababu tafiti zilizofanywa Marekani zimeonyesha kuwa mwanamke aliyewahi kukabwa koo na mwenza yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuuawa naye baadaye. Vituo vikubwa vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Mtoto, au anayemwonea mtoto huruma, anaweza kupiga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto.

Vipya vya kweli ni vichache na vinaelezeka haraka. Simu imekuwa pochi: tangu M-Pesa iingie nchini mwaka 2008 na wenzake wafuate, anayekuvamia anaweza kutaka namba ya siri badala ya noti. Mpe simu. Laini inafungiwa, shingo haifungiwi. (Tapeli wa meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" hahitaji karate. Mfute tu.) Pikipiki nayo imempa mporaji mbio. Mkoba uliovukishwa kifuani unaonekana salama mpaka pale anayeunyakua yupo juu ya pikipiki, hapo mkanda unakuburuza wewe na mkoba wako kwenye lami. Uweke upande ulio mbali na barabara, na ukivutwa achia.

Na mabasi. Mwaka 2023 mabasi ya mikoani yaliruhusiwa tena kusafiri usiku baada ya miaka mingi ya zuio, kwa hiyo sasa mtu anashushwa Mbeya, Makambako au Tunduma saa tisa usiku akiwa na usingizi na mabegi mawili. Kwangu hili ni badiliko kubwa kuliko aina yoyote ya silaha. Ushauri wangu ni wa kizee: baki stendi penye taa na watu mpaka kupambazuke, au mpigie bodaboda unayemfahamu kabla hujashuka. Usimkubali anayekunyang'anya begi akidai anakusaidia.

Limebaki la sheria, ambalo wanaume wengi hawapendi kulisikia. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 18 na vinavyokifuata, 18A hadi 18C, inakupa haki ya kujilinda wewe, mtu mwingine na mali. Kipimo kiko kwenye 18B: nguvu inayofaa, kwa kadiri inavyohitajika kwa ulinzi huo, basi. Ukizidisha, unawajibika kwa kosa lililotokana na kuzidisha, na ukiua kwa nguvu iliyopita kiasi, hilo ni kosa la kuua bila kukusudia. Enzi za mikuki ukoo ungeweza kukupongeza kwa kummaliza mvamizi. Leo mvamizi akishaanguka na kuacha panga, pigo la ziada linahesabiwa kuwa lako. Ndiyo maana zoezi letu la mwisho kila jioni ni kupiga na kuondoka: kengele ikilia, mwanafunzi anaacha hapo hapo, anarudi nyuma hatua tano akitazama pande zote, anatafuta mlango. Vijana wanaliona linachosha. Wazazi waliokaa pembeni wanalielewa.

Ukishatoka salama, piga 112, namba ya dharura ya polisi, au nenda kituoni mwenyewe, na uwe wa kwanza kueleza, ukitaja pia ulichofanya wewe. Omba PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, ikiwa umeumia, maana hospitali itaiuliza, ingawa mwenye hali mbaya anapaswa kutibiwa kwanza na fomu ikafuata. Aliyebakwa asioge wala kufua nguo alizovaa, na awahi hospitali: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora.