Je, wajua kwa nini Waingereza hupiga kengele za kanisa kwa muda wa saa tatu nzima bila kupiga wimbo?

Huku nyanda za juu kusini, kengele ya kanisa ni kazi ya mtu mmoja. Iwe parokia kongwe kama Tosamaganga, nje kidogo ya Iringa, au kanisa la Moravian kule Rungwe, anayeshika kamba ni mmoja. Kwenye vigango vingi hata kamba hakuna: ringi ya gari imening'inizwa mtini, katekista anaigonga kwa kipande cha nondo, watu wanajua ibada imekaribia. Basi, kazi imekwisha.

Uingereza nako wako maelfu ya watu, wengine si waumini kabisa, wanaokutana jioni moja kila wiki kupiga kengele kwa pamoja, kwa kupenda tu. Humo mnarani wanafanya nini muda wote huo? Jibu fupi ni kwamba wanahesabu. Jibu refu linaanzia kwenye uzito wa kengele.

Mnara wa Kiingereza huwa na kengele sita, nane, hata kumi na mbili, na kila kengele ina mtu wake. Imefungwa kwenye gurudumu kubwa, na kabla ya kuanza husimamishwa kichwa chini, mdomo ukitazama juu. Mpigaji akivuta kamba, kengele inaanguka, inazunguka duara zima na kusimama tena mdomo juu. Katika mzunguko huo inalia mara moja tu. Akivuta tena, inarudi ilikotoka. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea: nguvu kidogo, ila kwa wakati wake. Ndiyo maana watoto wa miaka kumi na wazee wa miaka themanini hupiga pamoja, ingawa kengele yenyewe inaweza kuwa nzito kuliko wote waliomo chumbani. Ile kubwa kati ya zinazozungushwa hivyo katika Kanisa Kuu la Liverpool ina tani 4 na ushee.

Lakini kitu kizito kikishaanza kuanguka hakimsubiri mtu. Mzunguko unachukua kama sekunde mbili, na anachoweza mpigaji ni kuichelewesha kengele kidogo pale juu, au kuiwahisha kidogo. Hiyo inatosha kubadilishana zamu na kengele ya jirani, si zaidi. Wimbo unataka kengele moja ilie mara mbili mfululizo, au iruke zamu nne kwa mara moja; hilo haliwezekani. Kwa hiyo, tangu karne ya 17, wakaachana na nyimbo wakashika mipangilio: kila raundi kengele zote zilie mara moja moja, kwa mfuatano ambao haujapigwa bado. Mwingereza mmoja, Fabian Stedman, alichapisha kitabu cha mbinu hizo mwaka 1677, na mbinu nyingine za wakati huo zinapigwa hadi leo.

Kwa kengele tatu mambo yako hivi: 123, 213, 231, 321, 312, 132, kisha unarudi 123. Ifuatilie kengele ya 1 peke yake. Inaanza mbele, inapita katikati, inakaa nyuma raundi mbili, inapita katikati tena, inarejea mbele. Sasa fuatilia ya 2 na ya 3: zinapita njia hiyohiyo, ila kila moja imeingilia mahali pake. Mpigaji hakariri orodha ya namba, anakariri njia. Na hasomi popote, yote yako kichwani.

Kengele nne zina mipangilio 24, sita zina 720, saba zina 5,040, na hiyo ndiyo inayokula saa tatu. Nane zina 40,320. Mwaka 1963, mjini Loughborough, watu wanane waliipiga yote kwa karibu saa 18 bila kupokezana. Chai walikunywa saa ngapi, sijui.

Hapa Afrika minara ya namna hiyo ipo Afrika Kusini na Zimbabwe. Kwetu si lazima kungoja mnara, kwa sababu utamu wa mchezo uko kwenye hesabu, na hata Waingereza wakiwa nyumbani huupiga kwa kengele ndogo za mkononi. Kwa wauza vyuma chakavu wa Uyole au Makambako, malori yanakopita usiku na mchana, ringi hazikosekani, na ya Fuso hailii sawa na ya gari dogo. Chagua tatu zenye sauti zinazoachana, zining'inize kwa waya zisiguse mti wala zenyewe kwa zenyewe (zikigusa kitu sauti inakufa), ziandike namba kwa rangi. Ringi haina uzito wa kukulazimisha, unaweza kuigonga wakati wowote. Kwa hiyo sheria ya kusogea zamu moja tu mtaishika kwa makubaliano. Mkizimudu raundi sita bila kukwama, ongezeni ya nne.

Kuna jambo moja la kuangalia sana. Kijijini chuma kikigongwa nje ya saa yake, watu wanatoka mbio: ni msiba, ni moto, au mwizi. Waingereza nao huogopa kuwachosha majirani, ndiyo maana wakati wa mazoezi mara nyingine hufunga ulimi wa kengele usigonge. Ninyi viringisheni mpira wa tyubu kwenye nondo, na mwenyekiti wa kijiji apewe taarifa kabla.