Fimbo mbili chini ya Ford yangu: nilivyoutengeneza usukani wa gari la kuunda nyumbani

"Mzee, tairi linageuka lenyewe."

Kijana ninayefanya naye kazi za jioni, mzaliwa wa Bukavu, alikuwa amechuchumaa mbele ya gari, jeki iko chini ya ekseli. Mimi nilikuwa kitini, nimeushika usukani kwa mikono miwili usisogee. Nikamwambia sijagusa kitu.

"Najua, mzee. Ndiyo maana nakuita."

Nikaufunga usukani kwa mkanda, nikashuka. Akaishusha ekseli, kisha akaipandisha tena kiasi cha inchi 2, kama gari linapopanda tuta. Magurudumu yote mawili yakageukia kushoto taratibu, sisi tunayatazama, na usukani umefungwa palepale. Gari lilikuwa halijatoka karakanani hata siku moja. Namshukuru Mungu tuliliona jambo lile likiwa juu ya sakafu.

Mimi ni mkerezaji. Kazi niliianzia Tanga, kwenye lethi, mashine ya kukerezea vyuma, ya zamani iliyokuwa ikitingisha benchi zima, na sasa naishi Ohio. Mchana niko kiwandani, jioni niko kwenye gari langu: bodi ya Ford Model A ya 1931, chesisi niliyoiunda mwenyewe kwa kipimo cha Ford ya 1932, na injini ya Chevrolet V8 ya inchi za ujazo 350. Magari ya namna hii Wamarekani huyaita hotrodi. Vijana wa kusini mwa California walikuwa wakiyaunda tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia: wananunua Ford kuukuu, wanavua madigadi, wanaiongezea injini nguvu, wanakwenda kushindana kwenye maziwa makavu kama Muroc na El Mirage. Chama chao cha mbio, SCTA, kiliundwa 1937 na kipo mpaka leo.

Injini unaweza kuinunua ikiwa nzima. Bodi unaweza kuinunua. Usukani ndipo gari la kuunda linapomtaka fundi, kwa sababu hakuna kiwanda kilichowahi kukaa kikapima boksi hili, ekseli hii na chesisi hii vikiwa pamoja. Wa kupima ni wewe.

Aliyewahi kulala chini ya Fuso au Scania vipande vyenyewe anavijua. Kuna boksi la stelingi lenye gia za usukani, kuna pitimani, mkono mfupi unaotoka chini ya boksi, kuna draglinki, fimbo inayotoka kwenye pitimani hadi kwenye mkono wa stabu ekseli, kipande kinachobeba gurudumu, kisha kuna tairodi, fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Ekseli ni pande moja la chuma, na magurudumu yanageukia kushoto na kulia kwenye kingipini, pini za wima kwenye ncha zake. Kwenye lori draglinki hulala kwa urefu wa gari. Kwenye gari langu inavuka kwa upana: boksi liko kushoto, draglinki inakwenda kushika gurudumu la kulia. Boksi lenyewe ni la Chevrolet Vega, gari dogo la modeli za 1971 hadi 1977 lililokuwa likiundwa Lordstown, hapa hapa Ohio. Vega nyingi ziliishia kuliwa na kutu, lakini boksi lake ni dogo na jepesi, linajificha vizuri kando ya injini, na mpaka leo kuna viwanda vinavyotoa nakala zake.

Sasa turudi kwa lile tairi.

Fimbo yoyote uliyoishika ncha moja, ncha ya pili ikipanda na kushuka huchora tao. Draglinki yangu ilikuwa na urefu wa milimita 1,000, na ncha yake ya kushoto, kwenye pitimani, ilikuwa juu kuliko ya kulia kwa milimita 120. Ekseli ikipanda milimita 50, fimbo inaanza kulala, na ikilala inataka nafasi zaidi kwa upana. Inausukuma mkono wa kulia karibu milimita 5. Mkono wenyewe una urefu wa milimita 150, kwa hiyo hizo milimita 5 zinakuwa karibu digrii 2 kwenye tairi. Dereva hajafanya lolote, gari limeshaamua kwenda kushoto. Fimbo hiyo hiyo ingekuwa imelala sawasawa gari likiwa limesimama, msukumo ungekuwa milimita 1 na robo, yaani chini ya nusu digrii.

Lakini kuilaza draglinki ni nusu ya kazi. Ford za miaka ile zina springi moja tu mbele, imekaa kwa upana, imebanwa katikati na ncha zake zinaning'inia kwenye shakeli, vibamba vidogo vya kuiunganisha na ekseli. Shakeli zinabembea. Ukigeuza usukani, draglinki inaisukuma ekseli nzima upande kabla magurudumu hayajaanza kugeuka. Dawa yake ni fimbo ya pili, ya panhadi, jina lililotokana na kampuni ya Kifaransa ya Panhard: ncha moja kwenye chesisi, nyingine kwenye ekseli, inaizuia isiende kando. Hapa mafundi wengi wa nyumbani hukosea. Wanaiweka fimbo ya panhadi popote penye nafasi, fupi, imeelekea upande wa pili, na ugonjwa unazidi.

Inatakiwa ilingane na draglinki kwa urefu, iende sambamba nayo, na ishikwe na chesisi upande uleule wa boksi. Hapo ekseli ikipanda, fimbo zote mbili zinachora tao moja. Ekseli inasogea kando kidogo, draglinki nayo inasogea kiasi kilekile, na tairi halina sababu ya kugeuka. Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, ingia chini ya Land Cruiser ya mkonga yenye springi za koili mbele. Utazikuta fimbo mbili zinavuka pamoja kama reli. Wengi tumekuwa tukibadilisha bushi zake bila kujiuliza kwa nini zimepangwa vile.

Kwa hiyo nilivua kila kitu nikaanza upya, safari hii kwa kadibodi. Nilitoa majani ya springi nikaacha lile kubwa peke yake, ili ekseli ipande na kushuka kwa jeki bila kushindana nayo. Nikakata mikono ya kadibodi, nikafunga fimbo za mbao kwa misumari, nikapima kila milimita 25 ya mwendo. Siku nne zilikwenda hivyo bila kukata chuma. Kadibodi ya saba ndiyo iliyokubali: boksi lishuke, na shimo la draglinki kwenye mkono wa kulia lipande juu.

Mkono ule niliutengeneza mwenyewe, na ndio kipuri nilichokihangaikia kuliko vyote. Niliukata kwenye bamba la unene wa robo tatu ya inchi, kipande kimoja, hauna lehemu hata nukta. Wa kwanza niliutupa. Nilikuwa nimeacha kona kali ya ndani pale unapoanza kujikunja, na kona kali ndipo ufa unapoanzia. Wa pili nikaipa kona ile mviringo, nikapiga tupa, kisha msasa kwa kufuata urefu wa mkono, mpaka mikwaruzo ya mashine ikaisha yote.

Kabla ya kutoboa shimo la tairodi nilivuta nyuzi mbili za pamba, kila moja kutoka katikati ya kingipini hadi katikati ya difu. Mashimo ya tairodi yanatakiwa yakae juu ya nyuzi hizo. Gari likikata kona, gurudumu la ndani linapita duara dogo kuliko la nje, kwa hiyo lazima ligeuke zaidi. Mikono inayoelekea ndani ndiyo inayolifanyia kazi hiyo. Mpango huu unaitwa Ackermann, jina la aliyesajili hataza yake Uingereza mwaka 1818, ingawa aliyeubuni ni mtengenezaji wa magari ya farasi wa Munich, Georg Lankensperger. Kwangu, kutoka ekseli hadi ekseli ni inchi 106, na mkono ulihitaji kuelekea ndani kiasi cha digrii 13. Nimeona watu wanaihamisha tairodi mbele ya ekseli kwa ajili ya sura, wanaiacha mikono ikiwa bado imeelekea ndani. Kila kona tairi zinaburuzana.

Shimo la tairodi si la mviringo ulionyooka. Lina mteremko, inchi 1 na nusu kwa kila futi, na linakatwa kwa rima, chombo cha kupanulia tundu, yenye mteremko huohuo. Hapa usiwe na haraka. Nilipaka wino wa bluu kwenye shina la tairodi endi, kiungo cha ncha ya tairodi, nikaliingiza, nikalizungusha kidogo, nikalitoa. Mara ya kwanza bluu ilishika juu ya shimo tu, kama pete: maana yake shina linagusa mdomoni na huko ndani linaelea. Nikaongeza mzunguko mmoja wa rima kwa mkono, na mafuta. Nikapaka tena. Safari ya tano bluu ilijipaka kuanzia juu hadi chini, pande zote. Shina linaloelea halionekani kwa nje, nati inakaza vizuri, spliti pini inaingia. Lakini kila tuta linalichezesha kidogo, na siku moja linakatika.

Tairodi na draglinki nilizifanya kwa bomba nene lisilo na mshono. Kila ncha ina kipande cha chuma nilichokikereza, chenye tredi, upande mmoja za kulia na upande wa pili za kushoto, ili kuzungusha fimbo kuirefushe au kuifupishe bila kuvua kitu. Kipande kinaingia ndani ya bomba, kinachomelewa kuzunguka mdomo, na kuchomelewa tena kupitia matundu mawili ya ubavuni. Tredi ya tairodi endi lazima ishike ndani angalau mara moja na nusu ya unene wake. Na fimbo iwe imenyooka. Fimbo iliyopindwa ili ikwepe sampu, bakuli la mafuta ya injini, inafanya kazi kama springi: unageuza usukani, nayo inajikunja kwanza. Pitimani sikuitengeneza na siitengenezi. Hiyo ni ya kufuliwa kiwandani, naiweka kama ilivyo, siikati wala siichomelei.

Bracketi ya boksi niliifanya kwa bamba, na ndani ya chesisi nikapitisha vibomba vya chuma ambamo bolti zinapita, la sivyo ukikaza bolti unaibonyeza chesisi. Kipimo chake ni rahisi: mtu ageuze usukani kushoto na kulia gari likiwa limesimama chini, wewe weka kidole nusu juu ya boksi, nusu juu ya chesisi. Bracketi yangu ya kwanza niliisikia ikipumua kwenye ncha ya kidole. Nikaiongezea mbavu mbili.

Ikabaki shafti kutoka usukani hadi boksi. V8 ina mabomba ya moshi pande zote mbili, na shafti moja iliyonyooka haipiti. Inabidi uweke krosi, kiungo kinachoiruhusu shafti kupinda huku ikizunguka. Krosi moja iliyopinda digrii 30 haizungushi sawasawa: kwa kila nusu mzunguko inakwenda polepole kisha inaharakisha, kiasi cha asilimia 13 chini na 15 juu. Mkononi unasikia usukani unakuwa mzito, mwepesi, mzito, mwepesi. Krosi mbili zenye pembe sawa zinafutana, mradi uma za shafti ya katikati zitazamane sawasawa. Ukihitaji ya tatu, lazima uweke beringi ya kuishika shafti hapo kati, vinginevyo itayumba kama kamba. Mimi nilitosheka na mbili. Skrubu za kubana nilizichimbia vishimo kwenye shafti zizame, nikazifunga na nati juu yake.

Rafiki mmoja alinishauri nipeleke mikono ikapakwe kromu. Nilikataa. Maji ya kromu huingiza haidrojeni ndani ya chuma, na chuma kigumu kisipookwa tanurini upesi baada ya hapo kinakuwa kama kioo. Nimepaka rangi nyeusi, ufa ukitokea nitauona.

Tulirudia jaribio Jumapili jioni, usukani umefungwa kwa mkanda uleule. Kijana akapandisha ekseli inchi 2, akashusha, akapandisha 3. Nilikuwa nimeegemeza ubao mrefu kwenye gurudumu na kuchora alama sakafuni. Ubao ulisogea chini ya unene wa msumari. Akanitazama, hakusema kitu, akaipandisha mara nyingine.

Kingipini nimeziegemeza nyuma digrii 6, na tairi za mbele zinakaribiana kwa mbele milimita 2 kuliko kwa nyuma. Kwa vipimo hivyo gari linashika njia, na ukitoka kwenye kona usukani unarudi wenyewe. Kila nati ya stelingi nimeichora mstari wa rangi nyeupe unaovuka hadi kwenye chuma cha pembeni. Baada ya maili 100 za kwanza nililala chini yake na tochi: mistari yote ilikuwa imenyooka, isipokuwa mmoja kwenye fimbo ya panhadi, uliokuwa umekatika kwa upana wa unywele. Nimeibadilisha nati ile, nikaikaza upya na kuichora tena.