Shimo Lisilotafuta Maji

Kila tukisimamisha mashine ya kuchoronga hapa Moshi, haipiti saa moja mtu hajaja kuuliza maji tutafika lini. Wiki ile, kwenye kiwanja kilichokuwa kiwanda, mama mmoja alikuja na ndoo kabisa.

"Shikamoo mama. Hapa hatutafuti maji, tunayakwepa. Tunapima udongo utakaobeba jengo, na uchafu uliomo."

Akacheka, akadhani namtania.

Viwanja vya namna hii juu huwa ni kifusi: zege, vyuma, majivu, na mara nyingi dizeli au oili iliyovuja kwa miaka. Chini yake pale tulikuta mfinyanzi mwekundu, na huo ndio unaozuia uchafu usishuke. Ukiutoboa hivihivi, umeuchongea uchafu njia ya kwenda kwenye maji ya watu. Kwa hiyo tunamaliza kifusi, tunaingia kidogo kwenye mfinyanzi, tunashusha kesingi, yaani bomba la chuma la kukinga kuta za shimo, na kuziba kitako chake kwa bentonaiti, udongo unaovimba ukilowa. Vifaa vinaoshwa, ndipo tunaendelea ndani ya kesingi kwa biti (ncha ya kukatia) nyembamba zaidi. Nusu siku imekwisha na huna hata mita tano za kumwonyesha mwenye kazi.

Ramani za kiwanda zilishapotea. Kilichotuokoa ni mlinzi mzee: "Mjukuu wangu, hapo mlipoegesha pana tangi." Tukachimba kwa sururu mita 1.2, kama ilivyo kawaida yetu kabla ya mashine kugusa ardhi. Hatujafika mita moja, bomba lenye kutu hilo. Tukahama.

Ugumu wa udongo tunaupima kwa nyundo ya kilo 63.5 inayoanguka sentimita 76. Tunahesabu mapigo kwa kila sentimita 15, mara tatu. Hesabu ya 15 za kwanza tunaitupa kwa sababu udongo pale umeshavurugwa. Mita ya sita nyundo ikagoma: mapigo 50, haijashuka hata sentimita 4. Vijana wakashangilia, mwamba! Mimi nimeshakula chumvi nyingi chini ya Kilimanjaro, sikuamini. Tukafunga biti ya almasi. Likatoka jiwe jeusi, sentimita 140, kimo cha mtoto wa shule ya msingi, kisha udongo mwekundu tena. Lilikuwa jiwe lililoburutwa na tope la mlimani zamani hizo. Aliyeishia pale angesimamisha nguzo za jengo juu ya jiwe lililolalia udongo. Ndiyo maana siliiti mwamba mpaka nimelichoronga mita 3 mfululizo.

Sampuli za kupima mafuta zinaingia kwenye chupa za kioo, zinajazwa hadi mdomoni, kisha kwenye barafu. Ukiacha nafasi ya hewa, mvuke wa mafuta unapanda humo na maabara inapokea udongo msafi wa uongo.

Mwisho shimo linazibwa kwa saruji na bentonaiti, kwa bomba, kuanzia chini kwenda juu. Wateja wakipunguza bei, mstari huo kwenye orodha ya gharama ndio wa kwanza kufutwa. Nikiukuta umefutwa, mashine yangu haishuki kwenye lori.